Kachuma Ndani ya Pindo la Kitenge

Jumatano nilikuwa mtaa wa Himbi, katika ofisi moja, nikingoja sahihi kwenye benchi la uani. Mbele yangu muzee wa bustani alikuwa anatoa gurudumu la nyuma la mashine ya kukata majani, ile unayoiendesha umekaa. Jiwe la volkano lilikuwa limelitoboa. Mkewe, mpishi wa hapo, alimenya viazi karibu naye, amempa mgongo.

"Tangu siku ya Mungu habasemezane," mlinzi wa lango alininong'oneza; yaani tangu Jumapili hawajasemezana.

Muzee alitoa pete ya mwisho wa ekseli, akaitia kwenye kopo. Alipovuta gurudumu, klaveti ikaanguka, kile kipande cha chuma kinachofanya gurudumu lizunguke pamoja na ekseli. Akakiokota, akanyoosha mkono nacho kwa mkewe bila kutazama. Mama akakipokea, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akarudia viazi vyake.

Muzee akaziba tundu, akajaza upepo, akarudisha gurudumu, kisha akanyoosha mkono tena. Safari hii mkono haukutosha. Mama alimenya kiazi kizima, akachukua kingine.

"Mama, unipatie kale kachuma."

"Kumbe ungali na sauti," alijibu, akifungua pindo polepole. Wakacheka wote wawili.

Ndipo nikalitazama lile kopo. Lilikuwa palepale gotini kwa muzee, na nafasi tele ndani yake ya kuwekea klaveti pia.

Sahihi sikupata. Lakini nami nimenuniwa nyumbani tangu juzi, na jioni hii nafungua redio yangu mbovu. Skrubu zote atanishikia mama watoto.