Kiti cha Pweza Kilichozuia Mlango

Mama Chupa alikuwa na miaka kumi na tisa kazini katika chumba cha vielelezo cha kituo cha utafiti wa bahari, akiosha chupa, akiongeza spiriti, akifunga vibandiko, na muda wote huo Mkurugenzi hakuwahi kumwuliza jina. Hilo halikumnyima usingizi. Kilichomkera ni domo la huyo bwana.

Siku hiyo domo lilikuwa wazi kweli kweli. Wiki tatu nzima ameinamia darubini, anahesabu vijiba, vile vinundu vidogo, tumboni mwa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye mikono mitano, mpaka akathibitisha kwamba aina hiyo haijawahi kuandikwa katika maji yetu. Sasa anatamba koridoni kwamba yeye ndiye wa kwanza kuiona, na ripoti inaondoka saa nane.

Mama Chupa akatazama mlango wa stoo. Ulikuwa umezuiwa usijifunge na kiti cha pweza kikavu, kigumu kama tofali, vijiba vile vile. Miaka sita nyuma alikiokota mwenyewe bahari ilipokupwa, akampelekea Mkurugenzi. Mkubwa akakitupia jicho mara moja, akaamuru kitupwe. Hakukitupa. Na sheria ya pale ilijulikana: ukibaki na kilichoamriwa kutupwa, kazi huna. Yeye alibakiza miezi minane astaafu.

Angenyamaza tu, jamani, akale pensheni yake. Wapi! Saa saba na nusu aliingia ofisini bila hodi, akakibwaga juu ya ripoti.

"Bosi, chako ni cha pili," akasema. "Cha kwanza hiki hapa, na kina tarehe."

Kweli kilikuwa nayo, pamoja na mahali kilipookotwa, kwenye kikaratasi alichokifunga kwa uzi. Mikono yake haikuzoea kuacha kitu bila kibandiko. Mkurugenzi akakiweka chini ya darubini. Akahesabu, akarudia. Mama Chupa alisimama pale akijilaani kwa kiherehere chake.

Hatimaye mkubwa akafuta sentensi ya kwanza ya ripoti. Akachukua kibandiko kipya, akaandika aina, mahali, tarehe ya miaka sita nyuma. Kwenye nafasi ya aliyekiokota kalamu ikakwama, na aibu ikamjaa usoni.

"Samahani, mama. Hivi unaitwa nani?"

Mama Chupa akamnyang'anya kalamu, akampa penseli.

"Wino unafutika kwenye spiriti, penseli haifutiki," akasema, kisha akamtajia majina yake yote matatu, polepole.