Mwende ameizima sauti ya kompyuta

Leo Mwende, rafiki yangu tangu shule, amenimaliza.

Tunaandika programu ya kunyunyizia maji hapa Kibwezi. Mimi niliandika fungu la mipangilio ya nyanya, yeye la pampu. Agizo moja linafungua mafungu yote mawili kwa mpigo.

Jana kompyuta ilikataa, ikasema jina moja limetajwa mara mbili. "Dakika" iko kote kuwili: kwangu ishirini, kwake tisini.

Asubuhi hii Mwende akaniambia kosa limeisha. Nikamshukuru, hata chai nikamnunulia!

Saa nne, tulipokuwa tukiionyesha programu mbele ya wakulima, nyanya za mama yangu zikaogelea.

Kumbe Mwende aliyachanganya mafungu kuwa moja kabla ya agizo, tisini yake ikafuta ishirini yangu kimya kimya.

"Si kosa liliisha?" ananiuliza.

Jameni, mngefanyaje? Kompyuta ilinionya. Rafiki yangu alikunywa chai.