Kamanda Aliyezikalia Zamu za Jumamosi

Mtu mzima, mvi kichwani, kajifungia ndani ya ndege. Funguo anazo. Mafuta yamejaa. Haruki, na hashuki.

Na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumtoa.

Ngoja nieleze vizuri.

Klabu yetu ya urubani ina ndege mbili ndogo. Moja ilikuwa karakanani, injini imefunguliwa. Iliyobaki tuligawana kwa zamu. Kila Jumapili jioni nafasi zinafunguliwa kwenye simu, anayewahi ndiye anayepata.

Jumamosi asubuhi, hewa ikiwa imetulia, siku zote aliwahi mmoja tu. Tulimwita Kamanda. Mstaafu, shati limenyooshwa mpaka kola.

Akifika anaizunguka ndege, anapapasa bawa, anasema upepo haumridhishi. Kisha anakaa kwenye benchi na chai yake mpaka zamu inakwisha. Wiki hadi wiki.

Fundi alikuwa akisema Kamanda ameshaiposa ile ndege, imebaki mahari tu. Watu wanacheka. Mimi nacheka huku roho inaniuma.

Mtahini wa leseni alikuwa anakuja Jumatatu, na nilibakiza safari moja ya kuruka peke yangu ndipo anipokee. Zamu nyingine zote zilishachukuliwa, na nikimkosa mtahini, haijulikani atarudi lini. Na mama alishasema: nisipopata leseni safari hii, narudi kukaa naye dukani.

Mimi ni mtu wa aibu. Hata kwenye kundi la simu naandika, nafuta. Lakini Jumamosi hiyo nilimfuata Kamanda, nikamwomba aniachie zamu kama haruki.

Akajibu bila kunitazama kwamba sheria ni sheria.

Mwalimu wetu alisikia. Mwanamke yule hana masihara. Akamwekea funguo mkononi mbele ya watu wote.

"Zamu yako, Kamanda. Ruka sasa hivi, au mpishe binti."

Kamanda akaenda, akapanda, akafunga mlango.

Tukangoja injini iwake. Wapi.

Pale nguzoni, mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoonyesha nguvu ya upepo, ukaanza kujaa. Ukijaa wote, mwanafunzi haruhusiwi kuondoka. Presha ikanipanda. Mwalimu akaniambia niende mimi, maana akienda yeye watagombana.

Nikafungua mlango nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Kamanda alikuwa ameinamia usukani, machozi yanadondokea lile shati.

"Funga mlango, mwanangu. Wasinione."

Nikakaa kiti cha pili, nikafunga.

Akanieleza taratibu. Daktari alimnyima kibali cha kuruka tangu mwaka jana. Moyo. Hakumwambia mtu, kwa sababu klabu ina sheria kwamba mwanachama asiyeweka nafasi msimu mzima anafutwa. Iliwekwa ili kuwatoa wavivu.

"Mke wangu alishatangulia. Watoto wako mbali. Nikifutwa hapa, Jumamosi nitakwenda wapi?"

Nilimhurumia. Lakini mfuko wa upepo nilikuwa nauona kupitia kioo.

"Pole sana, baba," nikasema. "Ila mimi nikikosa leo, basi tena."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akafuta uso, akanipa funguo.

"Ukirudi, upepo utakupiga kutoka kushoto. Usiwe na haraka ya kutua."

Niliruka. Niliporudi, kweli ulinipiga kutoka kushoto. Sikuwa na haraka; magurudumu yakagusa ardhi taratibu.

Karakanani nikakuta watu wamemzunguka Kamanda. Alishawaambia mwenyewe. Fundi kainamisha kichwa, hana utani hata mmoja.

Mwalimu akauliza nani ana la kusema.

Nikanyoosha mkono. Mimi. Nikasema anayechukua zamu airuke au aiachie mapema, na asiyeweza kuruka tena abaki mwanachama kwa kazi za hapa ardhini, kama redio. Hakuna aliyepinga.

Jumatatu nilifaulu. Aliyenikaribisha chini kwa redio alikuwa Kamanda, sauti imenyooka kama kola yake.

Ndugu msomaji, ukiona mtu amekalia kitu asichokitumia, dai haki yako, usione aibu. Ila kabla hujamchukia, muulize anaogopa kupoteza nini.