Bahasha ya Kaki ya Mpima Ardhi

Siku niliyoripoti kazini katika karakana ya kompyuta mjini Bukoba nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka kutengeneza mashine za kuchapia, kazi ya grisi na wino, nikajiona nimepanda daraja. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Ta Kaijage," akasema, akinipa lile \"Ta\" la heshima la Kihaya, "hiyo tai ikining'inia ndani ya mashine itafagia nini?"

Nikaivua. Akaninyooshea bisibisi, halafu akairudisha kabla sijaishika, akanipa bahasha ya kaki. "Kabla ya bisibisi, bahasha. Andika kitakachotoka, andika na mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya karakana yetu. Kila kilichotoka ndani ya mashine ya mtu, hata skrubu iliyolika, kilirudi kwake ndani ya bahasha yenye mistari miwili: Kilichotoka, na chini yake, Mwenyewe. Mafundi wa mjini walitucheka. Mkuu alisema fundi anayebaki na kifaa cha mtu ni sawa na daktari anayebaki na jino lako mfukoni.

Ninyi vijana mnaotembea na kompyuta nyembamba kama sahani huenda hamjui mashine ninazozisema. Zilikuwa kompyuta mpakato za kazi nzito, nene, zikikaa mapajani dakika kumi unatafuta meza. Wapima ardhi na wachora ramani walizipenda kwa sababu zilibeba michoro mikubwa bila kuhema. Sisi mafundi tulizipenda kwa sababu zilifunguka. Prosesa, yaani ule ubongo unaopiga hesabu, haikugandishwa kwa risasi kama siku hizi. Ilikaa kwenye soketi, ukizungusha skrubu moja nusu mzunguko inanyanyuka. Kadi ya michoro, inayotengeneza picha unayoiona kwenye kioo, ilikuwa kibao cha peke yake chenye meno ya dhahabu, kimelala chini ya bomba la shaba la kupozea. Mashine ikizeeka hukuitupa. Uliipa prosesa yenye nguvu zaidi na kadi mpya, ukapaka pesti ya kupozea kiasi cha punje ya mchele, ikafanya kazi miaka mingine mingi.

Sheria ya pili ilikuwa kubadilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na kioo kikabaki cheusi, utamlaumu nani?

Ya tatu ilikuwa ya kwetu Wahaya kabisa. Mashine ukiibadilishia prosesa, mara ya kwanza ukiiwasha inakaa giza, inazima, inajiwasha tena, inajipima upya. Fundi mwenye pupa hudhani imekufa, anakata umeme katikati, na hapo ndipo anapoiua kweli. Kwa hiyo Mkuu aliweka mezani kikasha kidogo cha ukindu chenye akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni. Ukishabonyeza kitufe cha kuwashia, unatafuna tatu, moja baada ya nyingine, mikono mbali na mashine. "Ukimaliza ya tatu na bado giza," alisema, "hapo sasa una ruhusa ya kuogopa."

Nilimpenda mzee yule. Sikuwahi kumwambia.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Muleba, chini ya Afisa Ramani. Huyu alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na kila alichokitaka alikitaka jana. Kazi ilikuwa nyingi, maana mashine zilitoka hadi visiwani. Moja ililetwa kutoka Goziba, ofisi yake ilipakana na vichanja vya dagaa. Nilipofungua feni nikakuta magamba na wadudu wa ziwani wamejaa kiasi cha kikombe kizima. Paka wa ofisi alinifuata wiki nzima.

Hapo Muleba ndipo nilipofanya jambo ambalo nimeshika kalamu kwa ajili yake.

Ta Mutalemwa alikuwa mpima ardhi, mtu wa maneno machache aliyepima vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya nusu ya wilaya akitembea kwa miguu. Alileta mashine yake nimwekee kadi ya michoro yenye nguvu zaidi aliyoinunua mwenyewe. Nikaiweka vizuri. Kadi ya zamani, nzima kabisa, nikaiweka pembeni ningoje bahasha. Afisa Ramani akaingia na mashine ya aina ileile, kadi yake imeungua, na kesho yake alitakiwa kupeleka ramani Bukoba.

"Si hiyo hapo?" akasema. "Imekaa tu."

"Ni ya mpima, mkuu."

"Mpima anayo mpya. Kaijage, weka."

Nikaweka. Ningeweza kukataa, ningeweza kumwomba Ta Mutalemwa, ambaye angekubali maana alikuwa mtu mwema. Nikaona aibu kumwambia. Nikachukua kadi iliyoungua ya Afisa, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Kilichotoka: kadi ya michoro, nzima. Mwenyewe: Ta Mutalemwa. Akaipokea kwa mikono miwili. "Wakola, fundi," akashukuru, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Nilirudishwa Bukoba, Mkuu alipostaafu nikakalia kiti chake, nikawahubiria mafundi wangu habari ya bahasha mpaka wakachoka kunisikia. Ta Mutalemwa akafariki. Nilikwenda msibani, nikala matoke, nikarudi nyumbani kwangu Kahororo bila kusema neno.

Mwaka wangu wa mwisho kazini binti mmoja aliingia karakana amekumbatia mashine nene iliyofungwa kwa kanga. Nikaitambua mashine kabla sijamtambua mtu.

"Shikamoo tata. Mimi ni Kemilembe, wa Ta Mutalemwa," akasema, akiniita baba kwa Kihaya chetu.

Alikuwa mwaka wa mwisho akisomea usanifu majengo. Siku ya kugawana urithi, kaka yake alitawazwa kuwa musika, yaani mrithi mkuu, akapewa kibanja na nyumba. Kemilembe akapewa mashine ya baba. Michoro yake yote ya kumalizia chuo ilikuwa humo, ndani ya programu iliyosajiliwa kwa mashine hiyo tu, na alibakiwa na siku tisa za kuikabidhi. Kadi niliyomwekea baba yake ilikuwa imekufa. Alikuwa amenunua nyingine kutoka Mwanza, lakini mashine haikuitambua, kioo kikabaki cheusi.

Sababu niliijua. Kuna programu ndogo iitwayo BIOS, inayoamka kabla ya nyingine zote na kuhesabu vifaa vilivyomo. Ya mashine hii ilikuwa ya zamani, haikuijua kadi mpya. Ilihitaji kusasishwa, na sikuweza kuisasisha bila kuona kitu kwenye kioo. Ili nione, nilihitaji kadi ambayo mashine inaifahamu.

"Hilo lisikusumbue, tata," Kemilembe akasema, akitabasamu. Akatoa bahasha ya kaki, kona zake zimekuwa laini kama kitambaa. "Baba alisema, kipya kikifa tutarudi kwenye cha zamani. Fundi Kaijage alikirudisha kizima. Ona, uliandika mwenyewe."

Nikavuta kiti, nikakaa. Mimi ni Mlutheri, sina kizimba cha kuungamia, basi niliungama palepale mezani, mafundi wangu wanasikia. Nilimwambia kilichomo ni nini na kilifikaje. Sikumtaja Afisa kwanza. Nilijitaja mimi.

Kemilembe akaigeuza bahasha mkononi. "Baba alikuwa anaipangusa vumbi," akasema. "Kila akifanya usafi, anaipangusa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe, tata. Lakini si leo. Leo nitafutie kadi ya baba."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kemondo, ambako Afisa Ramani alikuwa amejenga baada ya kustaafu. Nilimkuta barazani anatazama meli ikipakuliwa. Ile sauti ya kuitia ng'ombe ilikuwa imekwisha. Ilinibidi nisogee ndipo nimsikie. Nilipomweleza, alishika kichwa.

"Kadi ile? Ee waitu! Nilikuwa na haraka, Kaijage. Ile ramani ilikuwa ya nini hata?"

"Ya soko, mkuu."

"Soko lenyewe halikujengwa." Akaacha kuitazama meli. "Mimi niliagiza, wewe ukatii. Dhambi hii tugawane."

Mashine yake ilikuwa kabatini. Wajukuu walikuwa wameimwagia uji, bodi kuu ikaliwa na kutu. Akaniambia niichukue yote, na kama kuna kingine kizima ndani yake nimpe yule binti. Njia nzima kurudi Bukoba niliipakata. Sikujua kama uji ulifika kwenye kadi. Niliomba Mungu, nikiwa mtu mzima wa karibu miaka sitini, kwa ajili ya kibao kisichozidi kiganja.

Kemilembe alinikuta nimeshaifungua. Kadi ilikuwa kavu. Nikasafisha meno yake kwa spiriti, nikaipandisha kwenye mashine ya baba yake, nikafunga skrubu nne. "Bonyeza wewe," nikamwambia.

Feni ikavuma. Kioo kikapata mwanga, likatokea jina la Mutalemwa likisubiri neno la siri. Kemilembe akaliandika bila kufikiri. Sikuuliza ni neno gani.

Tukaendelea kimoja kimoja. Kwanza BIOS, betri ikiwa imejaa na waya wa umeme umechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya hapo hakuna fundi wa kuifufua. Kisha kadi ya Mwanza. Safari hii mashine ikaitambua. Mwisho nikatoa prosesa ya Afisa, yenye viini vinne wakati ya mpima ilikuwa na viwili, nikaifuta, nikaiketisha kwenye soketi. Nikapaka pesti, nikafunga. Nikabonyeza.

Giza. Mashine ikavuma, ikazima.

"Tata!" Kemilembe akanyoosha mkono kwenye kitufe.

Nikamsogezea kikasha cha akamwani. "Tafuna. Moja baada ya nyingine. Usiguse kitu."

Akatafuna ya kwanza macho yakiwa kwenye kioo cheusi. Mashine ikajiwasha yenyewe. Akatafuna ya pili, machozi yakimtoka, nami nikatafuna yangu, na ninakiri kwamba niliogopa kabla ya ruhusa. Ya tatu alikuwa ameishika bado mkononi picha ilipotokea. Akafungua jengo lake, likazunguka kwenye kioo taratibu, kila dirisha likionekana, bila kukwama.

Nikachukua bahasha mpya ya kaki. Nikaandika: Kilichotoka: kadi ya michoro, nzima. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa pili.

"Andika la baba," akasema.

Nikaandika. Alikabidhi michoro yake ikiwa imebaki siku moja.

Sasa nimestaafu. Hamniulizi, lakini nitasema: mashine za sasa hazifunguki, na fundi anayeambiwa "tupa, nunua nyingine" ataambiwa siku moja amtupe na mwenye mashine. Ninyi mnaobaki, mkipata moja inayofunguka, ifungueni kwa adabu. Na mkikosea, semeni siku ileile, mapema. Mimi nilisubiri mpaka mtu wa kuombwa radhi akawa kaburini, na hilo haliingii kwenye bahasha yoyote.

Siku ya kuniaga, mafundi walipika matoke uani mwa karakana. Mke wangu, Ma Adelina, alikuja na gauni la Krismasi. Kemilembe naye alikuja, amekwisha kuhitimu. Baada ya hotuba alisimama, akampelekea mke wangu bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama baba yake alivyopokea ile yangu.

Ma Adelina akavaa miwani, akaisoma kwa sauti. "Kilichotoka: fundi Kaijage, mzima. Mwenyewe: Ma Adelina."

Watu wakacheka mpaka sufuria zikasahauliwa motoni. Nilimtazama Kemilembe. Akaniitikia kwa kichwa, nikajua kwamba hii ndiyo siku ya msamaha alioniahidi aliposema si leo. Nililia mbele ya mafundi wangu wote, wala sikujificha.

Kesho yake asubuhi niliamka saa ileile ya kazi, nikavaa, nikasimama katikati ya sebule yetu Kahororo bila kujua pa kwenda. Nikashika mlango, nikauachia, nikaushika tena. Mke wangu akatoka jikoni na ile bahasha. Kumbe ndani yake kulikuwa na kitu. Akaigeuza, punje tatu za akamwani zikaangukia kiganjani mwake.

"Kaa hapa, Ta Kaijage," akasema, akanipa ya kwanza. "Tafuna. Usiguse kitu."