Nilibonyeza kadoti kwenye kioo cha laptop ya watu, nikamsingizia mgeni

Wakuu, habari za humu. Mnisamehe nikikosea herufi, niliishia darasa la saba na naandika polepole kwa simu. Ila haya yalinitokea mwenyewe, sitaongeza kitu.

Mimi ni fundi simu hapa Moshi mjini, nina meza nje ya duka la vitenge. Laptop nazigusa, ila si sana.

Mwaka jana alikuja kaka mmoja, nimwite Elia, guide wa mlimani, kwao Kirua Vunjo. Alikuwa na laptop ya 4K, kioo chembamba kama biskuti. Aliletewa na mzee mmoja Mholanzi ambaye Elia alimpandisha mlima mara tatu. Mzee huyo ndiye aliyekuwa anamtumia wageni kila msimu.

"Dogo, hebu cheki hapa," akasema.

Kwenye kona kulikuwa na kadoti kekundu, kadogo kuliko kichwa cha pini. Ukifungua picha yoyote ya theluji, macho yanaenda hapo hapo.

Nilipaswa kusema sijui. Nikaona aibu. Nikamwambia aniachie mpaka jioni.

Nilishasoma mtandaoni kwamba pixel iliyoganda, yaani kadoti kama kale, ukiibonyeza taratibu inaweza kuzinduka. Kwenye simu moja ya zamani nilijaribu ikakubali. Basi nikafunga kitambaa kwenye kifuniko cha kalamu, nikabonyeza. Kadoti kakabaki. Nikaongeza nguvu.

Likatokea doa jeupe kama punje ya mahindi, na mstari wa kijani toka juu mpaka chini.

Elia aliporudi alipitisha kidole juu ya ule mstari. "Mbona imekuwa hivi?"

"Kaka, kilikuwa kimeshakufa kwa ndani. Kimetoka huko huko kibovu. Hawa wageni wanatuletea vitu walivyochoka navyo."

Hayo ya mwisho hakuna aliyeniuliza. Niliyasema tu.

Akanishukuru kwa kumwambia ukweli. Akaondoka.

Baadaye guide mwenzake alikuja kubadilisha chaji, akanisimulia. Elia alimwandikia yule mzee ujumbe mkali, kwamba yeye si jalala. Mzee hakujibu. Msimu ukaanza, wageni wake hawakuja.

Tangu hapo nikiona mtu ana begi la mlimani, nainama chini ya meza kama natafuta skrubu.

Mwisho nikamuuliza mama anayeuza ndizi jirani yangu, Mchagga, kwamba kwao mtu akikosa anaombaje msamaha. Sisi kwetu ni watu wa mjini, mchanganyiko, hayo hatunayo. Akaniambia nipeleke jani la isale, ule mmea wa majani marefu ambao kwao ni alama ya kuomba msamaha, nikiwa nalo mkononi hawatanifukuza.

Nikapanda Kirua. Karibu na kwa kina Elia nikakuta isale zimejipanga kando ya njia, nikachuma jani moja zuri. Mama yake alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo jani umelitoa wapi?"

Nikamwonyesha.

"Huo ni mpaka wangu na shemeji. Yaani unakuja kuomba msamaha na jani la wizi?" Akacheka mpaka akaweka panga chini.

Elia akatoka ndani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Yeye hakucheka. Alipokea jani, halafu akanipa simu yake.

"Mwandikie mzee wewe mwenyewe. Kama ulivyoniambia mimi. Nitatafsiri."

Sentensi nne, wakuu, zilinichukua karibu saa nzima. Mama akaniletea mtori wa ndizi, nikanywa bila kuinua macho.

Mpaka leo mzee hajajibu. Elia akipita mezani kwangu ananisalimia, ila hasimami. Kioo kama kile hakijapatikana, anaitumia laptop hivyo hivyo. Kila picha ya theluji anayofungua, doa langu lipo.

Nilichojifunza ni kwamba kale kadoti mtu angeweza kuishi nako. Sasa nikiletewa kazi nisiyoijua nasema sijui, na wengine wananicheka.

Kama kuna aliyewahi kumgombanisha mtu na rafiki yake kwa uongo wa namna hii, na wakapatana, aniandikie hapa alifanyaje. Nitachelewa kujibu, ila nitasoma yote.