Daftari la Mahudhurio na Mbalamwezi

Nilikuwa mkali wa mahudhurio. Nimekulia Kalinzi, mlimani kwenye kahawa, na kwetu sisi anayekosa shule ni mgonjwa au mtoro. Nilipohamishiwa Bangwe, kando ya ziwa, kufundisha darasa la saba, msichana mmoja wa dawati la mbele akawa mtoro wangu namba moja. Anakuja wiki mbili, anapotea siku kadhaa. Majaribio matatu mfululizo alipata sifuri kwa sababu hakuwepo. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kwa mwendo huo sekondari ataisikia redioni. Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Siku moja niliteremka mwaloni, ufukweni wanakotia nanga wavuvi, kumshtaki kwa mama yake. Niliwakuta wote wawili wameinama, wanaanika dagaa mchangani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono. Kisha akanieleza taratibu kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na mtoto huenda shule. Hana msaidizi mwingine, na dagaa wasipogeuzwa wanaoza.

"Mwalimu, we hujawahi kuangalia juu?" akaniuliza.

Nyumbani nikafungua daftari. Alama zangu nyekundu zilikuwa zimejipanga kwa makundi, mwezi hata mwezi, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Niliona aibu.

Mbalamwezi iliyofuata nikaligeuza daftari kuwa somo, majina nimeyaficha. Kwenye hisabati tulichora grafu ya wasiokuwepo. Kwenye sayansi tulichukua tochi na chungwa, tukaona mwezi unavyokua na kupungua. Kwenye Kiswahili waliandika insha ya asubuhi mwaloni. Yule msichana ndiye aliyesimama ubaoni kutufafanulia, nami nikakaa kwenye dawati lake, nikinakili. Tangu hapo majaribio yangu yote niliyapanga mbalamwezi.

Siku moja kipindi kilipoisha yule msichana alinifuata.

"Mwalimu, na mtihani wa taifa nao utafuata mwezi?"

Nikamwambia haufuati. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda, ukaangukia gizani. Alifunga daftari lake polepole. Siku zile nililala nikiwa na hasira, sijui na nani.

Asubuhi ya mtihani wasimamizi walitoka shule nyingine, kama ilivyo kawaida, na sisi tukatakiwa kukaa mbali. Nikavua viatu, nikashuka mwaloni. Mama alinipa shikamoo ya utani, kisha akanicheka: watu wa mlimani tunageuza dagaa kama kahawa. Kweli, wengi niliwavunja vichwa. Jua lilipokolea akanyoosha mgongo, akatazama upande wa shule.

"Tangu aanze shule," akasema, "hili ndo giza la kwanza sijamwita."

Nikainama tena, nikaendelea kugeuza.