Cheti Kimoja, Watoto Wawili

Thoya wa Changamwe alikuwa na mtoto mmoja hai asiye na cheti cha kuzaliwa, na cheti kimoja cha mtoto aliyekufa. Akaviunganisha. Erastus alifariki kwa surua mwaka 1994 akiwa na miezi minane. Miaka tisa baadaye akazaliwa Lenox, nyumbani, na safari ya kumwandikisha ikaahirishwa mpaka ikasahauliwa. Kijana alipohitaji kitambulisho apate kibarua cha makontena bandarini Kipevu, Thoya alifungua sanduku, akatoa karatasi ya marehemu.

"Shika. Kwa serikali wewe ni Erastus, na umezeeka miaka tisa kabla ya chai."

Wakacheka. Mweri, mkewe, hakucheka. Aliendelea kusonga sima. Nyumba tatu za mtaani zilikuwa zimefanya vivyo hivyo, maana makaburi yalitoa vyeti haraka kuliko ofisi.

Mwaka huu Lenox alitoka kazini, nyumbani hakufika. Siku ya tisa Thoya alikwenda maabara inayotafutia wenyewe miili iliyookotwa majini. Binti wa maabara, Dorothy, alimwamkia kwa heshima, akachukua fomu.

"Mwanao ana miaka mingapi, baba?"

Thoya alitazama nakala ya kitambulisho mkononi mwake. "Thelathini na mmoja."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Dorothy akamweleza polepole. Maji yalikuwa yamekula nyuso na vidole vya marehemu, kwa hiyo waling'oa jino moja kwa kila mwili. Juu ya DNA kuna vialama vya kemikali vinavyobadilika kadiri mtu anavyozeeka. Mashine huvisoma ikakadiria umri. Dawa za kulinganisha DNA na ya wazazi ni haba, basi huanza kuchuja kwa umri.

"Tuna vijana wanne, baba. Mkubwa wao hafiki ishirini na saba. Mshukuru Mungu, wako huenda yu hai."

"Mashine haikosei?"

"Hukosea miaka mitatu, minne. Si zaidi."

Hapo ndipo Thoya angesema. Ulimi ukamwia mzito kama gunia la saruji. Akaona pingu, akaona hakimu. Akasema asante, akaondoka.

Nyumbani Mweri alimngoja mlangoni. "Umewaambia ana miaka mingapi?"

"Kitambulisho chasema..."

"Nakuuliza tumbo langu, wanijibu kitambulisho!"

"Kwani wataka nifungwe, Mweri?"

Mweri alimtazama mpaka yeye akainamisha macho. Kwa wiki tatu Thoya alivaa shati la kwenda maabara kila asubuhi, na kila asubuhi akalivua. Kanisani waliomba Lenox arudi, na amina ya Thoya ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Wiki ya nne Mweri alimvuta mkono, wakaenda maabara, na aliyesema umri wa kweli ni Mweri. Dorothy aliwapangusa mashavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba. Majibu yalipotoka, alikaa chini kabla ya kuyasoma. Kijana wa ishirini na mbili alikuwa wao. Lakini Ijumaa iliyopita miili isiyo na mwenyewe ilizikwa, kumi na mmoja katika shimo moja.

Kumfukua kunahitaji amri ya korti. Karani wa korti alipanga karatasi mezani, akazipangua.

"Huyu aliyezikwa ana ishirini na mbili. Mwana wenu hapa ana thelathini na mmoja. Si wenu."

"DNA imesema ni wetu," Mweri alisema, akamweleza habari ya cheti cha Erastus.

"DNA haina cheti, mama. Kwanza mzee aape kwamba Erastus alikufa mchanga, na aseme nani alimpa nduguye karatasi zake."

Thoya alishika kalamu. "Nikitia saini, nitapewa mwanangu nikamzike kwetu?"

"Ukitia saini utapewa tarehe."

"Ya kumfukua?"

"Ya kukushtaki. Ya kumfukua itafuata."

Thoya alimgeukia mkewe. Mweri hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama ile nafasi tupu ya saini.

"Tia," akasema.